Kudumu Pasipo Kuona Mavuno

Mtoto wa shule akikaribia mtihani, mara nyingi humwomba Mungu amsaidie. Si vibaya kuomba hivyo. Mtoto amwombaye baba yake chakula hafanyi kosa. Lakini litokealo baadaye ndilo la kuangaliwa. Akishinda, husema, "Mungu yupo, amenisikia." Akishindwa, hunyamaza. Jumapili ya kwanza hukawia kwenda kanisani. Jumapili ya pili husema kichwa kinamuuma. Na Jumapili ya tatu hata sababu hatafuti tena.

Wala jambo hili si la watoto peke yao. Mkulima aliyeomba mvua huona jua kali. Mama aliyeomba mwanawe apone humzika. Kijana aliyefanya kazi kwa uaminifu hufukuzwa, na mwivi hupandishwa cheo. Wote hawa huulizwa na mioyo yao swali moja: Je, yafaa kuendelea?

Watu wengi hulijibu swali hilo kwa haraka. Wengine husema, "Vumilia, maana mvumilivu hula mbivu, ngoja kidogo, nawe utapata ulichoomba." Wengine husema neno baya zaidi: "Hukupata kwa sababu imani yako ni ndogo." Majibu haya mawili yaonekana kuwa mbalimbali, lakini shina lao ni moja. Yote mawili hudhani ya kuwa imani ni biashara: mtu hutoa sala na mwenendo mwema, naye Mungu hutoa faida. Sasa mwenye duka asipotoa bidhaa, mnunuzi huenda duka jingine, wala hapana amlaumuye. Kama imani ingekuwa biashara, kuiacha wakati wa hasara kungekuwa akili.

Lakini imani si biashara. Imani ya Mkristo yafanana zaidi na uaminifu wa mtoto kwa mzazi wake, au wa rafiki kwa rafiki yake. Na uaminifu wa namna hiyo haujulikani siku ya karamu, hujulikana siku ya njaa. Na ajibuye kwamba kila asiyepewa ana imani ndogo, na aikumbuke bustani ya Gethsemane. Huko Yesu Kristo mwenyewe aliomba ya kwamba kikombe cha mateso kimwondokee, wala hakikumwondokea. Ni nani awezaye kusema kuwa imani yake ilikuwa ndogo? Basi ombi kutojibiwa kama lilivyoombwa si dalili ya kuwa mwombaji amekosa, wala si dalili ya kuwa Mungu amemwacha.

Maneno haya ni rahisi kuyasema wakati wa raha. Kwa hiyo yafaa kuyapima kwa habari za watu waliopata hasara za kweli. Katika karne ya 19 waliishi watu wawili wa namna hiyo katika vilima vya Rabai, karibu na Mombasa.

Wa kwanza ni Johann Ludwig Krapf. Alizaliwa mwaka wa 1810 katika nchi ya Württemberg, ambayo sasa ni sehemu ya Ujerumani. Alitumwa na chama cha misioni cha Waingereza kiitwacho Church Missionary Society, akaenda kwanza Uhabeshi katika mwaka wa 1837. Alikaa huko miaka kadhaa, akajifunza lugha za nchi, akafanya safari nyingi za taabu. Na mwisho akafungiwa njia, asiweze kurudi mahali pa kazi yake. Bidii ya miaka ile yote ilikuwa kama maji yaliyomwagwa mchangani. Katika safari hizo mkewe, Bibi Rosine, alijifungua jangwani. Mtoto akafa, wakamzika njiani.

Krapf hakurudi kwao. Alishuka pwani kwa chombo, akafika Unguja mwanzoni mwa mwaka wa 1844. Sultani Seyyid Said alimpokea kwa wema, akampa barua ya kumjulisha kwa maliwali wake, naye akaenda kukaa Mombasa. Mwezi wa Juni alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi mmoja wa mji. Mwezi wa Julai homa iliingia nyumbani mwake. Bibi Rosine alikuwa amejifungua mtoto mwanamke siku chache tu zilizotangulia. Akafa, na mtoto naye akafa muda mfupi baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mama na mtoto walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na ukumbusho wao uko huko hata leo.

Katika barua aliyowapelekea wenziwe wa Ulaya, Krapf alisema kwamba kaburi hilo liwe kwao alama ya kuwa kazi ya Injili imekwisha kuanza katika pwani hii. Neno hilo limesifiwa mara nyingi, na lastahili sifa. Lakini asomaye asidhani kwamba lilisemwa na mtu wa moyo wa jiwe. Krapf mwenyewe ameeleza katika kitabu chake cha safari kuwa alilia siku nyingi. Alilia, na alipoweza kusimama akarudi kwenye kazi ile ile ya kujifunza Kiswahili na kukiandika. Mambo hayo mawili, machozi na kazi, hayakupingana ndani yake.

Wa pili ni Johannes Rebmann, aliyezaliwa mwaka wa 1820 katika nchi ile ile ya Württemberg. Alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846, na mwezi wa Agosti wote wawili walikwenda kukaa Rabai. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja, wakawa wakimpanda kwa zamu kupanda kilima. Pengine haijapata kuanzishwa misioni kwa udhaifu mkubwa kuliko ule.

Wazee wa Rabai waliwapokea vema na kuwapa mahali pa kujenga. Lakini kumkaribisha mgeni ni jambo moja, na kuyafuata mafundisho yake ni jambo jingine. Wamijikenda, ambao zamani zile waliitwa Wanyika, walikuwa na dini ya wazee wao, na kaya zao, na viapo vyao; wala hawakuona sababu ya kuviacha vitu hivyo kwa ajili ya maneno ya Wazungu wawili wagonjwa. Walikuja, wakasikiliza, wakauliza maswali, wakaenda zao mashambani.

Krapf alikuwa na shauri kubwa. Alitaka vituo vya misioni vijengwe mfululizo, kama shanga katika uzi, toka Mombasa kupita katikati ya Afrika mpaka pwani ya magharibi. Kwa ajili ya shauri hilo walisafiri bara kwa miguu. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona mlima wa Kilimanjaro na theluji yake, na mwezi wa Desemba 1849 Krapf aliuona Mlima Kenya. Habari zilipofika Ulaya, mtaalamu mmoja wa jiografia wa London, W. D. Cooley, ambaye hakupata kuiona nchi hii, alikataa kabisa kuwa kuna theluji karibu na ikweta. Rebmann alidhaniwa kuwa amedanganywa na macho yake. Miaka zaidi ya kumi ilipita hata msafiri Mjerumani, Baron von der Decken, alipoupanda mlima huo sehemu katika mwaka wa 1861 na wa 1862, akathibitisha ya kuwa Rebmann alisema kweli.

Na shauri lile la vituo vingi? Wenzao waliotumwa kuwasaidia, wengine walikufa upesi: Wagner alikufa mwaka wa 1849, na Pfefferle mwaka wa 1851. Wengine walirudi Ulaya kwa ugonjwa. Mwaka ule wa 1851 Krapf alikwenda Ukambani pamoja na Kivoi, mkuu mashuhuri wa Wakamba. Karibu na mto Tana walishambuliwa na wanyang'anyi. Kivoi aliuawa, na Krapf akatangatanga porini kwa njaa na kiu, akarudi Rabai mikono mitupu. Mwaka wa 1853 afya yake ilikuwa imevunjika, akaondoka kwenda Ulaya. Hapakuwa na uzi wala shanga; palikuwa na kituo kimoja tu juu ya kilima.

Katika miaka ile ya kwanza mtu mmoja alibatizwa. Jina lake lilikuwa Mringe, mtu kilema na maskini, ambaye alipenda kukaa na wamisionari na kuwasikiliza. Alibatizwa mwaka wa 1851, naye akiwa katika ugonjwa wa kufa. Mtu wa kwanza wa kanisa la Rabai alipopatikana, mara akaondoka duniani.

Rebmann alibaki. Vita vya Wamasai vilimlazimisha kuhamia Unguja kwa muda, kisha akarudi. Mtoto wake alikufa angali mchanga. Mwaka wa 1866 mkewe, Bibi Emma, alikufa. Wakristo waliongezeka mmoja mmoja, kama matone ya maji katika mtungi mkubwa. Mwaka wa 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Serikali ya Uingereza kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, alimtembelea. Alimkuta mzee ambaye macho yake yalikuwa karibu kupofuka, mwenye kundi dogo sana la Wakristo, na mkusanyo wa maneno ya lugha ambayo alikuwa akiyaandika mwaka baada ya mwaka. Katika mwaka wa 1875 Rebmann aliondoka Afrika, baada ya miaka 29. Katika muda huo wote hakurudi kwao hata mara moja. Alikufa Korntal, katika Ujerumani, tarehe 4 Oktoba 1876.

Basi mtu na achukue daftari la biashara, aandike upande mmoja gharama na upande wa pili faida. Gharama: ujana, afya, wake wawili, watoto wachanga watatu, macho ya mtu mmoja. Faida: Wakristo wachache wa kuhesabika upesi. Mwenye duka akipata hesabu ya namna hiyo, hufunga mlango na kutupa ufunguo. Na hapa ndipo mwanafunzi mwenye akili atakapouliza: Je, huko si kudumu, bali ni ukaidi? Mtu agongaye mlango miaka 29, na mlango usifunguliwe ila kidogo, si angekwenda kugonga penginepo?

Swali hilo ni la haki, wala halifai kufukuzwa. Kuna kudumu na kuna ukaidi, navyo hufanana kwa sura kama mhogo mtamu na mhogo mchungu. Mkaidi hushikilia njia; adumuye hushikilia neno aliloitiwa, na njia aweza kuibadili. Krapf alipofungiwa Uhabeshi hakukaa mpakani akilia mpaka afe. Alitafuta njia nyingine, akaja Mombasa. Afya yake ilipovunjika, hakuona haya kurudi kwao, na huko aliendelea na kazi ya Kiswahili. Rebmann, watu walipokuwa hawaji kwa wingi kusikiliza mahubiri, aligeuza nguvu zake kwenye lugha. Alikaa na mtumwa mmoja aitwaye Salimini, aliyetoka upande wa magharibi wa Ziwa Nyasa, akajifunza kwake lugha ya nchi hiyo na kuandika kamusi yake. Alimwuliza mtumwa kama mwanafunzi amwulizavyo mwalimu. Mkaidi hawezi kufanya hivyo, maana mkaidi hajifunzi.

Kwa hiyo mtoto aliyeshindwa katika mtihani asidhani kwamba kudumu katika imani ni kukaa tu akisubiri mwujiza. Aweza kubadili namna ya kusoma. Aweza kumwendea mwalimu. Aweza hata kuchagua kazi nyingine ya kujifunza. Mgonjwa aombaye na aende kwa mganga wa hospitali. Mambo hayo si kumwacha Mungu. Kumwacha Mungu ni kusema moyoni, "Nilimpenda kwa sababu ya mtihani, na mtihani umekwisha."

Tena haifai kudhani kwamba watu hawa wawili walidumu kwa kuwa walikuwa watu wasio na kosa. Katika maandishi yao mna maneno makali juu ya mila za watu ambazo hawakuzielewa vema, na mara nyingine walihukumu upesi kuliko walivyosikiliza. Kudumu si tuzo ya wakamilifu. Mtu mwenye makosa aweza kudumu, naye katika kudumu kwake hujifunza kuyaona makosa yake.

Sasa, wasimulizi wengi wakifika hapa huharakisha kueleza yaliyofuata, na kweli yaliyofuata ni makubwa. Tangu mwaka wa 1864 walikuwa wamefika Waafrika waliokombolewa utumwani na kulelewa Bara Hindi, kina William Jones, Ishmael Semler na George David, kumsaidia Rebmann. Baada ya Frere kutoa habari, mji wa watumwa waliokombolewa ulijengwa karibu na Mombasa, ukaitwa Frere Town kwa jina lake. Mwaka wa 1885 Jones na Semler waliwekwa mikono kuwa mashemasi. Watumwa watoro walikimbilia Rabai kwa mamia, na siku ya kwanza ya Januari 1889 watu zaidi ya 1,400, waliokuwa wamekimbilia huko na katika vituo vingine vya misioni, walipewa uhuru wao, na waliokuwa mabwana wao wakalipwa fedha. Kamusi ya Rebmann aliyojifunza kwa Salimini ilipigwa chapa mwaka wa 1877, na Kamusi ya Kiswahili ya Krapf mwaka wa 1882. Rebmann alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla ya kitabu chake kutoka. Krapf alikufa tarehe 26 Novemba 1881, naye alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake hakuishika mkononi.

Mambo hayo ni kweli, na yafaa kukumbukwa. Lakini hapa pana hatari ya kuteleza. Mtu akisema, "Kumbe Rebmann hakupata hasara, maana mwishowe watu walikuwa wengi," amelirudisha daftari la biashara mezani. Ameongeza tu muda wa kungojea faida. Na kama watumwa wale wasingekimbilia Rabai? Na kama kamusi zingeliwa na mchwa, zisipigwe chapa kamwe? Je, hapo imani ya Rebmann ingekuwa upumbavu? Hasha. Alikuwa na haki ya kudumu siku ile ile alipokuwa hana cha kuonyesha, wala haki hiyo hakuipata kwa yaliyotokea baada ya kufa kwake. Waraka kwa Waebrania, katika mlango wa 11, huwasifu wazee waliokufa kabla ya kuipokea ahadi. Hawasifiwi kwa kuwa walipata. Husifiwa kwa kuwa walimwamini yule aliyeahidi.

Kwa hiyo methali ile isemayo kuwa mvumilivu hula mbivu ni njema, lakini haitoshi. Wako wavumilivu wasiokula mbivu. Mzee apandaye mnazi akiwa na miaka 80 hapandi kwa tamaa ya nazi zake mwenyewe. Hupanda kwa sababu alizaliwa akakuta minazi imepandwa, na kwa sababu kupanda ni jambo jema. Mkristo naye hudumu kwa sababu alitangulia kupendwa. Upendo huo ulikuwako kabla ya ombi lake, wala haukupungua ombi lilipokataliwa.

Tena kuna Mringe. Wakubwa wa Ulaya waliohesabu watu waliona jina moja tu, tena la kilema aliyekufa upesi. Lakini yafaa kuitazama Rabai kwa macho ya Mringe mwenyewe. Palikuwa na watu waliotoka mbali, wakazika wapenzi wao, wakapanda kilima na homa zao. Nao walikuwa na nafasi ya kukaa na mtu maskini na kuzungumza naye. Kwa Mringe kazi ile haikuwa bure. Mwenye kuhesabu watu kama nazi za sokoni hataliona jambo hili. Lakini yule mchungaji wa mfano wa Injili, aliyewaacha kondoo 99 akamtafuta mmoja, angeliona.

Basi mtu afanye nini siku huzuni ikimjia? Kwanza, aseme kweli mbele ya Mungu. Wako wanaofundisha watoto kwamba Mkristo hapaswi kulalamika. Mafundisho hayo si ya Biblia. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa. Eliya alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Nabii Habakuki alimwuliza Mungu ni hata lini atalia asisikiwe. Watu hawa hawakufukuzwa kwa maneno yao. Aliaye mbele ya Mungu angali anazungumza na Mungu. Aliyenyamaza na kugeuka ndiye aliyekwenda mbali.

Pili, ashike wajibu mdogo wa siku ile. Moyo uliovunjika hauwezi kubeba mwaka mzima, lakini waweza kubeba siku moja. Krapf hakuandika kamusi kwa siku moja ya furaha. Aliandika neno, kisha neno jingine, katika miaka ambayo siku nyingi zilikuwa za homa. Mtoto mwenye huzuni na aseme sala yake fupi, afanye hesabu zake, achote maji ya mama yake. Imani mara nyingi huishi katika mambo kama hayo wakati isipoweza kuimba.

Tatu, asikae peke yake. Na hapa neno la mwisho si kwa mwenye huzuni, ni kwa jirani yake. Mwanafunzi akimwona mwenziwe ameshindwa au amefiwa, asiende kumpima imani kwa kibaba. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba, walipokaa chini pamoja naye kimya. Kosa lao lilianza walipofumbua vinywa kueleza sababu. Kukaa pamoja na mtu hushinda hotuba.

Rebmann alipoondoka Afrika katika mwaka wa 1875, hakuweza kuiona njia. Kijana Mkristo aitwaye Isaac Nyondo, mwana wa Abe Ngoa, mmoja wa Wakristo wa kwanza wa huko, alifuatana naye safari yote mpaka Ulaya, akimwongoza. Mzee yule hakuweza kuyaona mashua, wala bahari, wala uso wa aliyemshika mkono. Lakini mkono aliusikia. Baadaye Nyondo alirudi, akawahubiri watu wa nchi yake. Mwenye kuhesabu na ahesabu apendavyo. Rebmann alishuka kilima cha Rabai hali haoni, na hakushuka peke yake.